Hewa kwenye bomba: tafuta inakoingia na inakokaa, isirudi tena

Mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, alinipigia simu mara ya nne ndani ya miezi miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Bafuni hakuna maji tena. Tanki lina maji, uani yanatoka vizuri. Bafuni bomba limekohoa kidogo, likatema, basi. Nabeba ndoo."

Mara tatu zilizotangulia nilikwenda, nikaitoa hewa, maji yakatoka, nikalipwa na kuondoka. Mara ya nne nilipanda darini, nikashinda huko nusu siku. Nilichokiona huko ndicho ninachotaka kukupa hapa. Hewa hairudi bombani mpaka ipate vitu viwili: mlango wa kuingilia na nundu ya kukalia. Ukiitoa ukaviacha hivyo viwili, umeahirisha tu, na mwenye nyumba ataendelea kubeba ndoo. Mama huyu ana umri wa mama yangu mzazi. Iliniuma.

Maelezo haya ni ya nyumba zetu za kawaida: simtanki juu ya mnara, maji yanashuka kwa uzito wake yenyewe, hakuna pampu ya kusukuma kwenda kwenye koki. Katika nyumba za namna hii presha ni ndogo, na hewa kidogo tu inatosha kuyazuia maji. Presha hupimwa kwa bar: kila mita 10 za kimo cha maji ni kama bar 1. Mnara wa mita 4, koki ikiwa mita 1 kutoka chini, unakupa takriban bar 0.3. Ndiyo maana kiputo ambacho bomba la mtaani lingekirusha nje bila wewe kujua, kwako kinageuka kuwa kizibo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni hewa

Hewa ina tabia zake. Koki inakohoa, inatema maji na upepo kwa zamu, kisha inanyamaza. Tatizo linakuja ghafla, mara nyingi siku moja baada ya tanki kukauka na kujazwa upya. Koki za chini zinatoka, za juu au za mbali hazitoki. Na dalili ninayoiamini kuliko zote: tanki likijaa maji yanatoka, likipungua yanakata, ingawa bado limebaki na maji ya kutosha.

Kama maji yamekuwa yakipungua polepole kwa miezi, hilo ni jambo jingine. Fungua kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa koki, fungua kichwa cha shawa, tazama mchanga na magamba. Kama ni mabomba ya chuma ya zamani, kutu imeziba tundu, na hapo hakuna ujanja wa kutoa hewa utakaosaidia.

Kuna na kitu cha tatu ambacho kimenidanganya zaidi ya mara moja: geti valvu ya tanki, ile ya kufungia na kufungulia maji yanayotoka tankini. Mpini unazunguka vizuri, unahesabu mizunguko, unajiridhisha kuwa iko wazi, kumbe kile kibamba cha ndani kimekatika kwenye mti wake na kimekaa nusu njia. Kuijua ni rahisi. Nenda kwenye koki iliyo karibu kabisa na mnara, chini, ifungue yote. Kama hata hapo maji yanatoka membamba na tanki limejaa, anza na geti valvu hiyo kabla hujahangaika na kitu kingine. Nasisitiza hili kwa sababu, kama utakavyoona, valvu iliyofunguka nusu inaweza yenyewe kuwa chanzo cha hewa kuingia.

Hatua ya pili: itoe hewa iliyopo

Kabla ya yote, kama una shawa ya umeme, izime kwenye swichi yake kuu na usiiguse mpaka maji yatoke mfululizo bila kutema. Koili ikipata umeme huku imezungukwa na hewa badala ya maji, inaungua. Kama una hita ya tanki, funga koki yake ya kuingizia maji.

Njia ninayoanza nayo haihitaji kifaa. Hakikisha tanki limejaa, fungua koki zote za nyumba, kuanzia ya chini kabisa kwenda juu, ziache dakika 10. Kisha zifunge moja moja kuanzia ya chini, ukiiacha wazi ile iliyokwama. Mara nyingine msukumo ule wa maji yaliyokuwa yakikimbia unatosha kuifukuza hewa.

Ikishindikana, tumia mpira kuvuta. Chukua mpira wa bustani mita kadhaa, ujaze maji mpaka hewa yote iliyomo itoke, ziba ncha zote mbili kwa vidole. Ncha moja ifunge kwenye koki iliyokwama kwa klipu, ikaze vizuri isipitishe hewa. Ncha ya pili iteremshe nje mpaka chini kabisa uwezavyo, hata mtaroni kama kiwanja kina mteremko. Fungua koki, kisha achia ncha ya chini. Maji yaliyomo mpirani yanaposhuka yanavuta yaliyo nyuma yake. Kama umeshusha mita 2, ni kana kwamba umeinua tanki mita 2. Kwa nyumba ya ghorofa njia hii ni nzuri mno, na huko ghorofani siku hizi ndiyo naitumia kwanza.

Njia ya tatu mafundi wengi wanaipenda: kuunganisha mpira kutoka bomba la mtaani, lenye presha, mpaka kwenye koki iliyokwama, na kusukuma kinyumenyume hadi hewa itokee tankini. Inafanya kazi kwa dakika mbili tatu. Lakini uwe na mtu juu ya mnara akusikilizie mbubujiko ukitokea, mpira uwe safi, na usiuache umeunganishwa hata dakika moja baada ya kazi. Maji ya mtaani yakikatika ghafla huku mpira ungalipo, maji ya nyumbani kwako yanaweza kurudi kwenye bomba la mtaa mzima, na majirani wanayanywa. Usiifanye kazi hii peke yako halafu ukaitwa dukani.

Sasa maji yanatoka. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea: nilikuwa nafunga mfuko wa spana na kuondoka.

Hatua ya tatu: tafuta nundu

Fuata bomba lote, kutoka tundu la tanki hadi koki iliyokwama, kwa miguu na kwa macho. Darini panda na tochi, zima umeme kwanza, kanyaga juu ya kenchi tu na si juu ya jipsamu. Chora kwenye karatasi: linashuka wapi, linapanda wapi, linashuka tena wapi. Unatafuta mahali ambapo bomba linapanda, linafika kilele, kisha linashuka tena kabla ya kufika kwenye koki. Hewa ni nyepesi, itakwenda kukaa pale juu, na maji hayawezi kuishusha kirahisi.

Nikupe vipimo vya nyumba ya yule mama, kwa sababu hesabu yake ndiyo iliyonifumbua macho. Sakafu ya tanki iko mita 4 kutoka ardhini. Bomba linashuka mnara mpaka chini, kuna tii (kiungo cha njia tatu) ya koki ya uani, kisha linapanda ukutani hadi darini, mita 3. Linapita juu ya kenchi, linafika bafuni, linashuka ndani ya ukuta mpaka sentimita 30 kutoka sakafuni, halafu linapanda tena mpaka shawa, mita 2.

Hewa ikijaa kwenye ule mguu unaoshuka bafuni, kutoka mita 3 hadi mita 0.3, ni safu ya hewa ya mita 2.7. Ili maji yapite, kimo cha maji ya tanki juu ya shawa lazima kizidi hiyo 2.7. Tanki likibaki na maji ya sentimita 20, uso wake uko mita 4.2. Toa 2 za shawa, unabaki na 2.2. Hayapiti. Tanki likijaa, uso wa maji unafika kama mita 5.2, toa 2, ni 3.2. Yanapita kwa shida. Kumbe alichokuwa akiniambia tangu siku ya kwanza, "likijaa yanatoka, likipungua yanakata", kilikuwa jibu kamili.

Nundu zikiwa mbili, safu zake za hewa zinajumlishwa. Nundu tatu za nusu mita kila moja zinakula mita 1.5 ya presha yako, hata kama kila moja ukiitazama unaona ni ndogo.

Kwa mabomba yanayoonekana yamenyooka, usiyaamini macho. Tumia mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi wanautumia kupimia usawa wa msingi. Ujaze maji, bila kiputo, shika ncha moja kwenye sehemu moja ya bomba na nyingine kwenye sehemu inayofuata. Maji yatakuonyesha ipi iko juu. Mpindo wa sentimita 3 tu kwenye bomba dogo unatosha kuhifadhi kiputo kinachojaza tundu zima. Mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayoungwa kwa kuchomwa, yanalegea na kubonyea kati ya klipu na klipu zinazoyashikilia, hasa darini chini ya mabati ambako joto ni kali. Klipu ikiwa kila mita 2, tayari una vilima na mabonde njia nzima. Ziweke kila sentimita 60 hadi 80.

Hatua ya nne: tafuta mlango

Hapa kunahitaji subira, kwa sababu hewa haionekani ikiingia. Mlango wa kwanza ni tanki lenyewe kukauka. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgao kutangazwa Dar es Salaam, simu za aina hii ziliniandama wiki nzima: tanki linakauka, bomba linajaa hewa, maji yanarudi, hewa imeshakamatwa. Dawa yake ni nidhamu ndogo. Kabla tanki halijaisha, maji yakiwa yamebaki shubiri moja juu ya tundu la kutokea, funga geti valvu. Bomba litabaki limejaa. Na kama hujui kiwango cha maji, funga chupa ya plastiki yenye maji nusu kwenye kamba, ipitishe juu ya ukingo wa tanki, upande wa nje ning'iniza kitu chepesi kuliko chupa hiyo. Kitu hicho kikipanda, maji yameshuka. Kwa kugonga tanki unakisia tu.

Mlango wa pili ni ule ambao watu hawauwazii: koki ya chini inaivuta koki ya juu. Uani mtu anajaza madumu, koki imefunguliwa yote. Bomba linaloshuka kutoka tankini ni jembamba au valvu yake iko nusu. Maji hayashuki kwa kasi ya kutosha, kwa hiyo koki ya uani inaanza kunyonya yaliyomo kwenye bomba la darini. Wakati huo huo kama kuna tundu lililo wazi juu, hewa inaingia. Si lazima mtu awe anaoga. Choo kikivutwa, valvu ya tanki la kuvutia inafunguka, nayo ni mlango tosha.

Jaribio lake ni hili. Fungua koki ya bafuni kidogo. Mwambie mwenzako afungue ya uani yote. Weka kiganja kilicholowa, au kipande cha karatasi laini, kwenye mdomo wa koki ya bafuni. Kama maji yamekata na karatasi inavutwa ndani, mlango umeupata. Kwa yule mama karatasi iling'ang'ania pale kama imegundishwa. Wapangaji wake walikuwa wanajaza madumu kila alfajiri, na kibamba cha geti valvu ya tanki kilikuwa kimekatika, kimening'inia nusu.

Mlango wa tatu: bomba la mtaani kuunganishwa moja kwa moja na mabomba ya ndani, sambamba na tanki. Maji ya mgao yanaporudi, yanatanguliwa na upepo mrefu. Utausikia kwenye mita ukizunguka kabla maji hayajafika. Upepo huo unaingia nyumbani kwako. Maji yote ya mtaani yaingie tankini kwanza, kwa juu, upepo uishie hewani huko.

Kisha kuna jua. Maji yamebeba hewa iliyoyeyuka ndani yake, na yakipashwa joto huiachia. Bomba lililolala juu ya paa au chini ya mabati mchana kutwa linatoa viputo vidogo vidogo, ambavyo kama kuna nundu hukusanyika siku baada ya siku. Hii ndiyo inayoeleza nyumba ambayo tanki halikauki kamwe na bado hewa inarudi kila baada ya wiki tatu. Hapo mlango huwezi kuufunga wote. Unaondoa nundu.

Kama unapandisha maji kwa pampu kutoka kisima cha chini, kagua upande wa kunyonya: futivalvu (valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani) iliyoko chini majini na kila kiungo kabla ya pampu. Huko bomba likiwa na ufa halivuji maji nje, linavuta hewa ndani, kwa hiyo hutaona unyevu wowote. Hewa hiyo ikiishia tankini haina madhara kwa koki zako. Ni pampu ndiyo itakayoteseka.

Hatua ya tano: rekebisha

Kanuni yangu kwa nyumba ya chini: bomba lishuke mara moja, lipande mara moja. Lishuke kutoka tankini mpaka ardhini, litembee chini, kisha lipande moja kwa moja kwenye kila koki. Likipita hivyo, kiputo chochote kilichoingia kitapanda chenyewe na kutokea kwenye koki, utasikia "puf" na maji yanafuata. Kwa ghorofa ambako tanki liko juu ya paa, kinyume chake: kutoka tankini liwe linashuka tu, bila kupanda mahali popote, angalau sentimita 1 kwa kila mita, ili hewa irudi juu. Makosa mengi ninayoyakuta ni kuchanganya njia hizi mbili, na sababu karibu kila mara ni kukwepa kuchimba ukuta.

Juu ya paa, tazama ukingo wa ukuta. Bomba likitoka tankini, likaruka ukingo, kisha likashuka, hiyo ni nundu mbaya kuliko zote kwa sababu iko juu karibu sawa na maji yenyewe. Toboa ukingo, lipitishe chini yake.

Bomba la pumzi ni msaada mkubwa, na gharama yake ni ndogo. Mara baada ya geti valvu ya tanki weka tii, mdomo wake ukitazama juu, upandishe bomba la nusu inchi wima hadi sentimita 30 hivi juu ya usawa wa juu kabisa wa maji ya tanki, kisha ulipinde litazame chini na ulifunge wavu wa mbu. Usilifupishe, litamwaga maji. Usiliweke kabla ya valvu. Likae baada yake, ili hata valvu ikifungwa bomba liweze kupumua na kujitoa hewa linapojazwa upya. Kama kuna nundu usiyoweza kuiondoa kabisa, weka kijikoki kidogo kwenye kilele chake, ukifungue kwa mkono hewa inapokusanyika. Zipo valvu zinazotoa hewa zenyewe, lakini kwenye presha ndogo kama yetu huwa naziogopa: koki ya chini ikinyonya kwa nguvu, zile za aina inayoruhusu hewa kurudi zinageuka mlango mpya.

Bomba linalotoka tankini liwe nene kuliko matawi yake. Kumbuka PPR inatajwa kwa kipenyo cha nje. Ile ya milimita 32 ya PN20 (hilo ni daraja lake la presha), tunayouziwa kama inchi moja, ina tundu la milimita 21.2, bomba la chuma la inchi moja lina karibu milimita 27. Ukibadilisha chuma kwa PPR ya "inchi moja" hivyo hivyo, nafasi ya maji inashuka hadi chini ya theluthi mbili ya ilivyokuwa. Chukua ya milimita 40. Na wakati wa kuchoma viungo, kwenye nyuzi joto 260, usizidishe muda: sekunde 7 kwa milimita 25, 8 kwa milimita 32. Ukizidisha, plastiki inavimba ndani na kubana tundu, na kosa hilo hulioni tena.

Kama kuna wapangaji au bustani, koki ya uani ipe tundu lake peke yake tankini, na tundu hilo liwe juu ya lile la nyumba kwa sentimita 20 au zaidi. Madumu yakimaliza maji ya juu, bafuni bado yapo.

Kwa mama wa Kimara tulibadilisha geti valvu, tukaweka bomba la pumzi, tukaliacha kabisa bomba la darini na kupitisha jipya chini, nyuma ya nyumba, likipanda ukutani mara moja tu hadi shawa. Kazi ya siku mbili.

Hatua ya sita: jaza taratibu, kisha jaribu katika hali mbaya

Usifungue geti valvu yote kwa mkupuo. Fungua robo, acha koki zote wazi, ngoja kila moja itoe maji mfululizo kabla ya kuifunga, kuanzia iliyo karibu na tanki. Kisha fungua valvu yote.

Jaribio la tanki lililojaa halithibitishi kitu. Acha lishuke mpaka maji yabaki shubiri moja, fungua koki ya uani yote, vuta choo, kisha nenda bafuni ufungue shawa. Subiri usiku mmoja na mchana mmoja wa jua, urudie. Mimi nilirudi Kimara siku ya tatu alfajiri, madumu yamepangwa uani na koki iko wazi. Mama alikuwa ndani anaoga, nikakaa kibarazani nikisikiliza maji.